Rampu, choo na lile jiwe: shajara ya nyumba ya fundi cherehani, Igogo

Naandika hii kwa sababu kuna mafundi wa Buhongwa na wengine wa Sengerema wananipigia simu wanauliza tulifanyaje ile nyumba ya yule mama wa kiti mwendo, na kila nikieleza kwenye simu nasahau kitu. Bora niweke yote hapa kwa tarehe na hela zake, na makosa yetu yote niyaweke maana hayo ndo yamekula hela.

Sisi ni mafundi nane, tunakaa kijiwe kimoja: waashi watatu, seremala, wa bomba, wa umeme, mchomeleaji na mimi ambaye ni mwashi ila ndo nashika daftari. Kazi tunajitolea, siku ya Jumamosi tu. Vifaa ni mchango.

Jumamosi 7 Septemba 2024: kupima

Nyumba iko Igogo, juu juu kule mlimani, ukikaa mlangoni unaiona bandari ya Mwanza Kusini yote na ziwa. Vyumba viwili na sebule, tofali za bloku. Mama mwenyewe ni fundi cherehani, anaishi na mama yake mzazi na watoto wawili wa shule. Aliumia uti wa mgongo miaka sita iliyopita kwenye ajali ya bodaboda, miguu haina kazi wala haisikii kitu. Mikono iko vizuri.

Hapo niliposema mikono iko vizuri pakumbukeni, ntarudi.

Mlangoni kuna ngazi tatu, kutoka uwanjani hadi sakafuni ni sentimita 62. Choo ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba juu zaidi, cha kuchuchumaa, kwahiyo kwa miaka sita alikuwa anatumia ndoo chumbani. Mlango wa mbele ni wa futi mbili na nusu. Tukapima kuta, tukapima uwanja, tukachora kwenye boksi la tailisi, tukanywa uji, tukashuka. Tulikuwa na 1,150,000 za michango na tukajiona matajiri.

Jumamosi 14 Septemba: rampu ya kwanza

Uwanja mbele una mita 4.3 halafu unakutana na jiwe. Wa Mwanza mnaelewa nikisema jiwe, siyo jiwe la kubeba, ni lile ambalo nyumba imelikuta na wajukuu watalikuta. Basi tukasema rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti, iishie kwenye jiwe. Mawe chini, zege juu, upana mita 1.2, jioni ikawa imeisha na picha tukapiga.

Saruji mifuko 7 kwa 18,000 ni 126,000. Mchanga trip moja ya kenta 80,000. Kokoto ndoo 60 kwa 700 tulinunua kwa kina mama wanaoponda pale pale mlimani, 42,000. Na hapa ndo kitu ambacho hakuna aliyekiweka kwenye bajeti: gari haipandi. Inamwaga barabarani chini, kutoka hapo ni mita kama 140 za kanjia ka mawe, kila mfuko na kila ndoo ya mchanga inapanda kichwani kwa mtu na huyo mtu analipwa. Ubebaji 64,000 kwa siku moja. Jumla 312,000.

Kama unafanya kazi mlimani anza na ubebaji kwenye karatasi yako kabla hujaandika hata msumari.

Jumamosi 21 Septemba: tunavunja tulichojenga

Zege limekaa wiki, tukamwambia mama haya jaribu. Akapanda kama mita moja na nusu, mikono ikaanza kutetemeka, halafu magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikawa kinarudi nyuma na yeye ndani. Seremala alikuwa nyuma yake akakidaka. Bila hivyo angeangukia kisogo.

Sentimita 62 kwa mita 4.3 maana yake unapanda moja kwa kama saba. Rampu ya mtu anayejisukuma mwenyewe inatakiwa moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda unatembea kumi na mbili, hiyo ndo inayotumika kwenye majengo sehemu nyingi na mimi niliijua, niliisoma chuo cha ufundi VETA, ila tulipoliona lile jiwe kila mtu akajifanya kasahau. 62 mara 12 ni mita 7.44. Hatukuwa na mita 7.44.

Tukakaa pale chini kimya. Mama alikuwa bado anahema, akatuuliza, "Hivi nyie mlivyokuja kupima, mlimpima nani?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Mimi pia fundi. Mtu akija na kitambaa simkatii kwa kuangalia dirisha lake." Alikuwa kakasirika kweli, siyo utani, na bibi, yaani mama yake, akawa anamtuliza kwa Kisukuma. Kuanzia siku ile sisi tunamwita fundi na yeye futi yake ya kushonea, ile tepu ya kupimia, imekuwa ikikaa shingoni kila Jumamosi.

Basi tukampima. Kiti chake kutoka duara la kusukumia hadi lingine ni sentimita 65, mikono ikiwa inasukuma inatoka nje zaidi. Kugeuka anahitaji mita 1.5 kwa 1.5. Kimo cha kiti na mto wake sentimita 49. Na bega la kulia lilivunjika kwenye ajali ileile, halikuunga vizuri, mkono wa kulia anasukumia ila hawezi kujinyanyulia. Hicho hakuna aliyeuliza, tuliona mikono miwili tukaandika "mizima".

Mchana kutwa nyundo. Vifusi tumevitunza, vitajaza rampu mpya.

Jumamosi 28 Septemba: rampu ya pili, jiwe limekuwa rafiki

Kuna aliyesema jiwe tulichome moto, yaani unawasha matairi na kuni juu yake, likipata moto sana unalipiga nyundo linaachia vipande, ndo wanavyofanya wapasua mawe huku kwetu. Fundi akakataa, moshi wa matairi mlangoni kwake na nguo za wateja ndani, na nyumba ya jirani iko mita tatu. Alikuwa sahihi.

Mzee mwashi akaja na wazo lingine: tusiliondoe, tuliegemee. Rampu inatoka mlangoni sambamba na ukuta wa nyumba mita 3.6, inashuka sentimita 30, inafika kwenye kibaraza cha mita 1.5 kwa 1.5 ambapo anapumzika na kugeuka, halafu inakata kona na kushuka mita 3.84 ikiwa imeegemea jiwe, sentimita 32 zilizobaki. Upande wa jiwe hatukujenga ukuta kabisa, jiwe ndo ukuta. Tumeokoa bloku kama arobaini hivi.

Saruji mifuko 9 (162,000), bloku 90 za inchi 6 kwa 1,500 (135,000), nondo 4 za milimita 10 (68,000), ubebaji 71,000. Mchanga ulitosha ule ule. Jumla 436,000. Pembeni tukaacha kingo ya sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke.

Jumamosi 5 Oktoba: mvua, nili, na mlango

Mvua ya kwanza ya vuli ilipiga alfajiri, zile zinazotoka ziwani na upepo wake. Tumefika saa mbili tukakuta vitu viwili.

Cha kwanza, rampu imekuwa bwawa. Maji yanayotoka mlimani zamani yalipita mbele ya ngazi, sasa yamekutana na ukuta wetu, yamejaa yanaitafuta sakafu. Tukatoboa chini ya kibaraza tukapitisha bomba la inchi 4 lililokuwa limebaki kazi nyingine, maji yakapita. Nusu saa, hela hamna.

Cha pili kibaya zaidi. Kijana wetu mdogo kwenye kumalizia alipiga nili, ule uji wa saruji wa kulainisha sakafu, kwa mapenzi tu, ikang'aa kama sakafu ya kanisa. Ikilowa ni sabuni. Fundi alifunga breki zote mbili na kiti kikateleza hivyo hivyo na breki zake hadi kwenye kingo. Kingo ndo iliyomwokoa. Kijana aliumia roho sana ikabidi tumtoe pembeni. Marekebisho: tuligotagota uso wote kwa patasi ili plasta mpya ishike, tukapaka upya, na kabla haijakauka tukapitisha ufagio wa chelewa, mistari ikikata njia siyo ikifuata njia, maana mistari ikifuata mteremko ni mfereji tu. Saruji mifuko 2, 36,000. Rampu usiipige nili. Hata mwenye nyumba akikuomba.

Mlango sasa. Ule wa zamani ukiondoa fremu nafasi inayobaki ni sentimita 69. Kiti cha 65 kinapita, ndiyo, ila vidole havipiti, fundi alikuwa na makovu kwenye vifundo vya vidole mikono yote. Tukaenda futi tatu. Tulipanua upande mmoja bila kufikiria linta ya zamani, ile boriti ya zege juu ya mlango, inakaa wapi, ilikuwa imelalia sentimita 15 kila upande na sisi tukazikata zote za upande mmoja. Bloku tatu zikashuka. Hazikumpata mtu, ila moja ilitua pale ambapo bibi alikuwa anachambua mchele dakika tano nyuma. Tukaweka mirunda, miti ya kuegemeza, haraka, tukamwaga linta mpya ya mita 1.5, tukaiacha wiki ndo tukaweka fremu. Mlango na fremu 165,000, nondo na saruji ya linta 40,000. Mirunda kwanza, nyundo baadaye, hata kama ukuta unaonekana mpole.

Kizingiti cha chini tumekiondoa kabisa. Maji ya mvua yanazuiliwa na mpira uliopigiliwa chini ya mlango.

Jumatatu 14 Oktoba, Nyerere Dei: choo

Sikukuu kwahiyo tulikuwa wote, hata wa bomba ambaye Jumamosi huwa anakwama.

Choo kipya ni kile chumba kidogo alichokuwa anawekea viroba vya vitambaa. Swali lilikuwa uchafu uende wapi. Shimo la zamani liko juu ya nyumba na mavi hayapandi mlima, hilo hata hatukubishana. Karo, yaani shimo la majitaka, ikabidi iwe upande wa chini. Tukachimba, mita 1.1 tukagonga mwamba. Tukahamia hatua tatu pembeni, mwamba, ndo mlima wenyewe huo.

Kilichotuokoa ni zile sentimita 62. Sakafu iko juu ya uwanja kwahiyo bomba linatokea juu, lina mita 7 za kwenda, tukaliwekea mteremko wa sentimita moja kwa kila 40, linaingia karoni likiwa bado juu ya ardhi kidogo. Basi karo ikawa nusu chini nusu juu, imetokeza sentimita 30 na mfuniko wa zege, watoto wameshaifanya benchi. Kwenye mwamba maji hayanywei vizuri kwahiyo itajaa mapema kuliko karo za huko bondeni, na kabla ya kuchagua sehemu nilimpigia dereva wa gari la majitaka nikamuuliza mpira wako unafika mita ngapi. Akasema akiunga yote na pampu ikiwa nzima anafika hapo. Wengi hawaulizi hili, wanajenga karo nzuri halafu hakuna wa kuinyonya.

Bakuli la kukalia na tanki lake 185,000, mabomba 96,000, bloku 110 ni 165,000, saruji 6 ni 108,000, nondo 3 ni 51,000, ubebaji 90,000. Jumla 695,000. Hapo hela ya kwanza ikawa imeisha, michango ya pili ndo inaendesha, na duka la hadiwea linatukopesha kwa jina langu.

Bakuli likiwa limekaa chini kimo chake ni sentimita 41, kiti chake 49. Kushuka siyo shida, shida ni kurudi, sentimita 8 za kujinyanyua kwa mkono mmoja mzima ni mlima mwingine. Tukalimwagia kitako cha zege sentimita 8. Safari hii tulipima kabla, fundi mwenyewe kwa futi yake.

Siku hiyo hiyo kuna kitu kilinitisha kuliko zile bloku. Alikuwa anapita kuangalia, mtoto akasema mama damu. Kidole cha mguu kilikuwa kimechanwa na kona ya tailisi tuliyoiacha sakafuni, damu imechora mstari sebule nzima, na yeye alikuwa anaongea na sisi anacheka, hasikii. Kidonda kwa mtu ambaye miguu haisikii siyo kidonda kidogo, kinaweza kukaa miezi. Tumepitia nyumba nzima na kona zote za zege, fremu, tailisi, chini ya meza, tumezisugua ziwe za mviringo. Na kila jioni tunafagia misumari kwa sumaku ya spika mbovu, hiyo ni ya fundi umeme, inafanya kazi vizuri kuliko ufagio.

Jumamosi 19 Oktoba: vishikio

Mchomeleaji alikuja na bomba mbili za kushikia za chooni, nzuri, amezipiga rangi. Akafunga ya ukutani upande wa kulia kama alivyoona mahali fulani. Fundi akamwangalia tu. Mchomeleaji akajikumbuka mwenyewe, "Aa, bega." Akahamishia kushoto.

Tukasema tuijaribu. Mzee mwashi ana kilo 90 na kitu, akaning'inia. Skrubu na vile vizibo vya plastiki vikatoka na kipande cha ukuta, mzee akakaa chini mzima mzima. Tumecheka hadi machozi, ila fikiria angekuwa nani. Bloku za kufyatua mtaani zina uwazi na udongo mwingi, skrubu haina pa kushika. Tukatoboa ukuta mzima, bolti ndefu zikapita hadi upande wa pili na kule nyuma tukaweka sahani ya chuma nati ikakazwa juu yake. Mzee akaning'inia tena, na mimi nikamshika kiunoni nikaongeza uzito. Imekaa. Bomba 58,000, bolti na sahani 22,000.

Mlango wa choo ulikuwa unafunguka kwa ndani, akiingia hawezi kuufunga kwa sababu kiti ndo kimekaa pale unapopita. Seremala ameutundika kwenye reli ya chuma unateleza pembeni. Reli ni ya geti la zamani, bure.

Vishikio vya rampu, pande mbili zisizo na jiwe, 210,000. Hizo ni bei za chuma, mchomeleaji kazi hakutoza.

Jumamosi 26 Oktoba: umeme na cherehani

Soketi zimepanda hadi mita moja kutoka sakafuni, swichi zimeshuka hadi mita 1.1. Nyaya, mifereji na soketi mpya 74,000. Hamna kilichoharibika, siku ya kwanza hiyo.

Kazi tamu ilikuwa cherehani. Ina mota ya umeme lakini mota inakanyagwa kwa mguu, kwahiyo miaka yote hii binti yake alikuwa anakaa chini ya meza baada ya shule anamkanyagia, "kaza", "acha", "kaza". Mchomeleaji na wa umeme wakanyanyua kile kikanyagio, wakakifunga ubavuni mwa meza na kajiti ka chuma, anakibonyeza kwa kiwiko cha kulia. Bega baya lakini kiwiko kinasukuma. Mara ya kwanza kilikuwa kikali mno, ukigusa tu sindano inakimbia, akatoboa kitenge cha mteja mistari mitatu. Tukaongeza springi ya kalamu, haikutosha, tukaweka ya stendi ya baiskeli. Ikakubali. Meza tumeinyanyua kwa vipande vya mbao ipate sentimita 70 chini ili magoti yaingie.

Kitenge tulikilipa, hakimo kwenye hesabu.

Jumamosi 2 Novemba: hesabu

Rampu ya kwanza 312,000, ya pili 436,000, kosa la nili 36,000, vishikio vya rampu 210,000, mlango na linta 205,000, choo na karo 695,000, vishikio vya choo 80,000, umeme 74,000. Jumla 2,048,000. Michango yote 1,790,000. Tunadaiwa 258,000 hadiwea na mwenye duka ni muungwana ila simu zake nimeanza kuzijua mlio. Kama tungempima mtu kabla ya uwanja na tusingepiga nili, sehemu kubwa ya zile 348,000 za rampu ya kwanza na nili isingetoka, ukiacha mchanga ambao tuliutumia tena, yaani deni karibu lote lisingekuwepo. Chakula hakimo, bibi alikataa kata kata kusikia habari ya kulipwa, kila Jumamosi ugali na dagaa, na Nyerere Dei sato.

Bado: vishikio vya rampu havina rangi ya kuzuia kutu, na hewa ya ziwa haisubiri. Bomba la chini ya kibaraza linahitaji wavu, panya wameligundua. Fundi na wenzake wa kikundi chao wanataka kuomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo 2 ni za watu wenye ulemavu, wanunue cherehani ya pili, kwahiyo tumeacha soketi ya ziada.

Na kuna kanjia. Leo alishuka rampu peke yake, akageuka kwenye kibaraza, akafika uwanjani, akazunguka uwanja mara mbili, akafika pale mawe yanapoanza akasimama. Kutoka hapo hadi barabarani bado ni vijana wanne na kumbeba na kiti chake kama zamani. Alikaa pale muda akiangalia chini, halafu akavua futi shingoni akamrushia kijana wa nili.

"Hiyo ina mita moja na nusu," akamwambia. "Anza hapa."

Kijana akaanza. Amefika mara ya 31 mvua ikatukimbiza, Jumamosi ijayo anaendelea.